Kaa, maji yatakuletea ndege: jioni moja ufukweni na darubini na kamera

Kwenye mlango wa kabati langu nimebandika jedwali la kupwa na kujaa kwa maji. Pembeni mwa kila tarehe nimeandika kwa penseli saa ya jua kuchwa, na tarehe chache nimezizungushia duara. Mtu akiniuliza natumia lenzi gani, humpeleka kwanza kwenye mlango huo. Lenzi yangu ni ya milimita 400, ya zamani, imechubuka rangi, na haijawahi kunisogeza karibu na ndege kama maduara yale yanavyonisogeza.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nawafuata. Nikiona kundi mbali naliendea. Likiruka, naliendea tena kule lilikotua. Nilirudi nyumbani na picha za mikia. Siku moja, kwa uchovu tu, nikakaa juu ya gogo lililoletwa na mawimbi wakati maji yanajaa, nikavua viatu kukung'uta mchanga. Nilipoinua macho, vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wapatao arobaini walikuwa mbele yangu, hatua kama kumi na tano, wakidonoa kana kwamba mimi ni kipande cha gogo. Hawakuwa wamenijia mimi. Maji yalikuwa yanawarudisha nyuma, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye njia yao. Karibu yote nitakayokueleza hapa yalianzia kwenye gogo lile.

Chagua siku kwanza

Ndege wengi wa ufukweni hula kwenye mchanga na tope linaloachwa wazi na maji. Maji yakipwa sana, wanatawanyika mbali, na wewe uliye nchi kavu unaona nukta tu. Yakianza kujaa, mahali pa kulia panapungua. Wanapanda kidogo kidogo, wanasongamana. Maji yakifika kilele wanakusanyika kwenye kipande cha mwisho kilichobaki kikavu, ncha ya mchanga au mgongo wa mwamba, na hapo husimama kusubiri maji yaanze kupwa tena. Muda ninaoupenda ni ule wa saa mbili za mwisho kabla ya kilele. Bado wanakula, na kila dakika wako karibu zaidi kuliko dakika iliyopita.

Kazi yako ni kutafuta siku ambayo muda huo unaangukia kwenye mwanga wa jioni. Sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili kwa siku, na kilele husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kiasi hicho kurudi mahali pale pale angani. Kama leo kilele ni dakika 50 kabla ya jua kuchwa, kesho kitakutana na jua likichwa, na keshokutwa kitakuja dakika 50 baadaye. Hizo ndizo siku tatu za kuzungushia duara. Baada ya hapo kilele kinaingia gizani, nawe utangoja karibu wiki mbili hadi kile kilele kingine cha siku kifike kwenye jioni.

Angalia na mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Nusu mwezi huleta maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayaji mbali. Jambo ambalo sikulijua kwa muda mrefu ni kwamba mahali pamoja, kilele cha bamvua huangukia karibu saa zile zile kila mara. Kwa hiyo kila ufukwe una tabia yake: mmoja jioni zake za kujaa ni za bamvua, mwingine ni za maji mafu. Kama wako ni wa bamvua, nenda siku moja bila kamera, utazame kama ile ncha ya mchanga inafunikwa yote. Ikifunikwa, ndege watahamia kwingine kupumzika na wewe utabaki unatazama maji matupu. Kama ni wa maji mafu, usikae juu kabisa ukisubiri, maana maji hayatafika hapo. Shuka uelekee baharini, ukae karibu na mahali yatakapoishia.

Kuna bahari zilizozingirwa na nchi, Mediterania kwa mfano, ambako maji hayapandi wala kushuka kwa kiasi kikubwa. Huko, na kwenye maziwa, fuata jua na upepo tu.

Kivuli na upepo

Mimi hufika muda wa saa tatu kabla ya kilele, nikiwa na nafasi ya kutembea bila kumsumbua yeyote, maana ndege bado wako mbali.

Kitu cha kwanza ninachokitazama ni kivuli changu. Kikielekea mahali ambapo ndege watakuwa, jua liko mgongoni, rangi za manyoya zitaonekana, na jicho litapata ule mng'aro mdogo ambao bila huo ndege kwenye picha huonekana kama amekaushwa. Lakini kivuli hicho hicho hurefuka jioni, na ndege hukiogopa kinapowapitia. Jua likiwa nyuzi 5 juu ya upeo, mtu wa mita 1.7 aliyesimama huwa na kivuli cha mita 19 hivi. Akilala kifudifudi, kichwa kikiwa nusu mita kutoka chini, kivuli hakifiki hata mita 6. Ukisimama saa hiyo kujinyoosha mgongo, umewafikia ndege bila kupiga hatua.

Kujua jua limebakiza muda gani, nyoosha mkono, kunja kiganja, upange vidole kati ya upeo na jua. Kila kidole ni kama robo saa, ingawa nchi zilizo karibu na ncha za dunia jua hushuka kimshazari na muda huwa mrefu zaidi. Usilitazame jua lenyewe kwa darubini, wala kwa kitundu cha kioo cha kamera, hata likiwa jekundu na linaonekana pole. Jicho halirudi.

Upepo ni wa pili, na wengi huusahau. Ndege wa ufukweni husimama wakiutazama upepo, huruka wakiuelekea, na hutua wakiuelekea. Jioni ambayo upepo unatoka upande ule ule wa jua ni zawadi: wanatua wakiwa wamekugeuzia uso, mabawa wazi, mwanga umewajaa kifuani. Upepo ukitoka baharini nawe umekaa nchi kavu, utapata migongo. Sogea pembeni, uwapige picha za ubavu.

Kama jua linazama upande wa baharini, usipoteze jioni nzima ukipigana nalo. Tafuta rasi, mdomo wa hori, au ncha ya mchanga inayoingia majini, mahali utakapoweza kuwa na maji ubavuni na jua mgongoni. Pakikosekana, panga tangu mwanzo kupiga picha za vivuli vyeusi juu ya maji yanayong'aa, nitazieleza mbele.

Mahali pa kuketi naonyeshwa na mwani. Mstari wa mwani mbichi na takataka za bahari ni pale maji ya kujaa yaliyopita yalipoishia. Kama siku zinaelekea bamvua, maji ya leo yatauvuka. Kama zinatoka kwenye bamvua, yatapungukiwa. Mimi hukaa hatua chache juu ya hapo, mbele ya kitu chochote kinachovunja umbo la mtu: gogo, jiwe, tuta la mchanga lenye nyasi.

Kisha geuka utazame nyuma. Jioni moja nilikaa kwenye ncha nzuri sana, nimelala, macho yangu yote yako mbele, na kijito nilichokivuka kwa viatu wakati wa kuja kikajaa nyuma yangu. Nilikivuka usiku nikiwa na begi kichwani na maji kiunoni, mkondo ukinivuta upande. Tangu siku hiyo sikai mahali ambapo njia ya kurudi ni ya chini kuliko mahali nilipokaa, na kila robo saa hugeuza kichwa. Tope laini nalo silikanyagi nikiwa peke yangu.

Vitu vya kubeba

Darubini kwanza, hata kama una kamera ya gharama. Kwa jioni napenda ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye kioo cha mbele cha upana wa milimita 42. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5.25, nao ndio upana kwa milimita wa mwale wa mwanga unaofika jichoni. Darubini ndogo ya mfukoni ya 8x25 inatoa milimita 3 tu. Mchana hutaona tofauti kubwa, lakini giza likianza mboni yako hupanuka, na ile ndogo inashindwa kuijaza. Kwa nusu saa ya mwisho hiyo ndiyo tofauti kati ya kumtambua ndege na kuona kitu cha kijivu.

Mengine ni machache: gunia au turubai ya kulalia, mfuko mdogo wa mchanga au maharage wa kuegeshea lenzi (stendi ya miguu mitatu hukuinua juu mno), kitambaa kilicholoweshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kingine kikavu, taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu, daftari, na penseli, kwa kuwa kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi yenye unyevu. Nguo za rangi iliyofifia, zisizopepea. Acha jaketi linalolialia kila ukisogea. Na lenzi ifungwe kwenye kamera kabla ya kutoka nyumbani, ufukweni haifunguliwi.

Kukaa

Dakika ishirini za kwanza hazitakupa kitu. Ndege walikuona ukifika, nao wanakukumbuka. Kaa chini, usinyooshe mkono kuonyesha, usiongee kwa sauti, acha kamera iwe tayari imeelekezwa majini ili usije ukaigeuza ghafla wanapofika. Pole pole utasikia ufukwe umerudia sauti yake.

Jifunze kusoma wasiwasi wao. Ndege anayekula kichwa chini ametulia. Akiinua kichwa na kukiacha juu, amekuona. Akiacha kula akaanza kutembea upande wa pili, ameshakukwepa. Akianza kutikisa kichwa juu chini, au mmoja akitoa mlio mkali mfupi na wote wakasimama wima, umebakiwa na sekunde chache. Hapo usipige picha. Shusha kichwa, tulia kabisa, na kama ulikuwa unasogea, rudi nyuma taratibu. Mara nyingi watarudi kula.

Nitakwambia kwa nini nalishikilia hili. Mwaka wangu wa pili niliona ncha ya mchanga imejaa ndege waliolala, mia mbili au zaidi, midomo imefichwa mgongoni. Nilitaka picha ya kundi zima likiwa angani, nikasimama nikawaendea makusudi. Waliruka wote. Maji yalikuwa kwenye kilele, na ncha ile ilikuwa ndiyo mchanga pekee uliobaki. Walizunguka juu ya maji, wakashuka, wakaniona, wakapanda tena, mara nne, mara tano, hadi nilipoondoka. Picha niliipata. Siipendi, na sijawahi kuionyesha kwa mtu.

Ndege anayepumzika ufukweni huenda ametoka mbali kupita unavyofikiri, au anajiandaa kwenda mbali. Oktoba 2022 ndege ambaye hajakomaa wa aina ya Limosa lapponica, mmoja wa ndege hawa wa ufukweni, aliyefungwa kifaa cha satelaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Safari kama hiyo hulipwa kwa mafuta ya mwilini, na mafuta hayo hujengwa hivi hivi, kwa kudonoa tope maji yanapopwa na kutulia maji yanapojaa. Kila mara ndege anaporushwa bure, anatumia sehemu ya akiba hiyo.

Kama ni lazima usogee, fanya hivyo ukiwa chini, kwa magoti na viwiko, kwa mshazari kana kwamba unapita tu, na usimkazie macho. Sogea anapokula, simama anapoinua kichwa. Usicheze milio ya ndege kwenye simu kuwaita, usitumie flashi, usirushe droni. Na ukimwona ndege mdogo anajiburuta mchangani huku bawa limelala kama limevunjika, simama hapo hapo. Anakuvuta uondoke kwenye mayai au vifaranga, ambavyo vimelala wazi mchangani na vina rangi ya mchanga huo huo. Tazama unapokanyaga, urudi kwa nyayo zako mwenyewe.

Kundi likiruka wewe hujasogea kabisa, tazama juu. Mara nyingi ni kozi, ndege anayewinda ndege wengine. Ndege wote hujikunja kuwa mpira mmoja unaogeuka geuka, mara mweupe mara mweusi, na hiyo ni picha halali kabisa.

Kuwatambua wakiwa wanasogea

Wanaoanza huangalia rangi, na jioni rangi hudanganya. Mwanga wa dhahabu humfanya kila mtu kuwa mwekundu. Angalia wanavyokula. Kuna wanaokimbia hatua chache, wakasimama ghafla, wakatazama, wakadonoa mara moja: hao wana macho makubwa na mdomo mfupi, huwinda kwa kuona, na wengi wao huendelea kula hata usiku. Kuna wanaotembea bila kusimama huku mdomo unaingia na kutoka mchangani kama sindano ya cherehani: hao wana mdomo mrefu wenye ncha yenye hisia kali, hugusa chakula bila kukiona. Ukishawagawa hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

Yule mdogo, mweupe weupe, anayekimbizana na ukingo wa wimbi, akishuka nalo na kupanda nalo, ni Calidris alba. Tazama nyayo zake kwenye mchanga uliolowa: vidole vitatu vya mbele tu, hana kidole cha nyuma. Anayeingiza mdomo chini ya mwani na mawe na kuyapindua, mwenye miguu ya rangi ya machungwa, ni Arenaria interpres. Mnene wa kijivu anayesimama peke yake kama ana mawazo, akiruka utaona weusi kwapani. Ni Pluvialis squatarola, na weusi huo hauna mwingine wa kufanana naye. Sululu, Numenius phaeopus, utamjua kwa mdomo uliopinda chini na mistari kichwani, lakini mara nyingi utamsikia kwanza: mbinja fupi za haraka, karibu saba, zenye urefu sawa. Yangeyange mdogo ana miguu myeusi na vidole vya njano, kama amevaa soksi.

Buabua na shakwe huchanganywa sana. Buabua ni mwembamba, mabawa yamechongoka, akiwinda huangalia chini wima kisha hujitupa majini. Shakwe ana kifua kipana na haharakishi.

Wahesabu pia. Hesabu kumi kwa uangalifu, uone wanachukua nafasi gani, kisha pima nafasi hiyo juu ya kundi lote: kumi, ishirini, thelathini. Andika pamoja na saa, hali ya maji na upepo. Mimi huingiza hesabu zangu kwenye eBird, hifadhi ya mtandaoni ya hesabu za ndege, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Cornell Lab of Ornithology pamoja na National Audubon Society, kwa kuwa huko zinatumika na watafiti wa uhamaji badala ya kuozea kwenye daftari langu.

Kamera

Lala chini. Katika yote ya kamera hili ndilo linalobadilisha picha kuliko jingine. Lenzi ikiwa usawa wa jicho la ndege, mchanga wa mbele na maji ya nyuma huyeyuka kuwa ukungu laini, na ndege anasimama peke yake. Ukipiga kutoka juu, unapata ndege aliyebandikwa kwenye zulia la mchanga.

Weka fokasi ya kufuatilia, ile inayojirekebisha ndege anaposogea, na uielekeze kwenye jicho. Piga kwa mfululizo wa picha chache chache. Faili ziwe za RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaibana, kwa sababu mwanga wa machweo una tofauti kubwa kati ya angavu na kivuli, na utahitaji nafasi ya kurekebisha nyumbani.

Uwazi wa lenzi naufungua karibu wote, f/5.6 kwangu. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, naiongoza kwa mkono, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiachia kamera. Ndege anayeruka, 1/2000 ya sekunde, anayekimbia, 1/1000, anayetembea taratibu, 1/500, aliyelala, hata 1/125 lenzi ikiwa imeegeshwa vizuri. Mwanga ukipungua, ISO itapanda hadi 3200, 6400. Iache ipande. Chembechembe kwenye picha hupunguzwa kwa programu, lakini ndege aliyetikisika hatengenezeki.

Halafu kuna mwangaza, ambapo kamera hukosea kwa tabia. Kipimo chake hutaka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Yangeyange mweupe mbele ya maji meusi, kamera huona giza, huongeza mwanga, na manyoya yanaungua kuwa karatasi tupu. Kwenye kirekebishi cha mwangaza cha kamera (alama za + na -), punguza kwa theluthi mbili hadi moja nzima. Mnandi mweusi akipita mbele ya anga angavu, kamera hupunguza na unapata kipande cha mkaa. Ongeza moja hadi moja na nusu. Tazama histogramu, ile grafu ya mwangaza kwenye skrini ya kamera, baada ya picha za kwanza. Upande wa kulia ukigonga ukuta, weupe umepotea.

Kama una simu tu, usibaki nyumbani. Shikilia lenzi ya simu kwenye kioo cha darubini, utapata ndege aliyetulia kwa picha ya kumtambua. Na peke yake simu inafaa kwa kundi, anga, na nyayo.

Jua likizama

Jua likigusa upeo, watu wengi hufunga mabegi. Mimi huu ndio muda ninaoungoja wiki mbili.

Kwa picha za vivuli vyeusi, pima mwangaza kwenye anga kando ya jua, si kwenye ndege, kisha punguza kidogo tena. Ndege atakuwa mweusi kabisa, kwa hiyo umbo ndilo litakalosema: subiri ageuke ubavu, mdomo uonekane wote, miguu isikutane na ya jirani. Ndege wawili walioshikana wanakuwa jiwe. Chukua wachache wenye nafasi kati yao. Picha yangu bora ya aina hii ina vitwitwi watatu na maji mengi.

Baada ya jua kuzama shata ya haraka haiwezekani tena, basi geuza kabisa. Weka 1/30, ufuate kundi linalopita kwa kuzungusha kiuno kwa mwendo wao, ukibonyeza bila kusimama. Nyingi zitaharibika. Lakini utapata moja ambayo vichwa vimeshika na mabawa yamekuwa mistari, na anga nyuma ni michirizi ya zambarau.

Inua macho pia bila kamera. Yangeyange wanarudi kulala kwenye miti, makundi madogo madogo, kila mara njia ile ile. Minandi wanapita kwa mstari chini chini juu ya maji. Kwenye ncha ya mchanga vitwitwi wamesimama mguu mmoja, na ukiwa kimya utawaona wakifungua jicho, wakifunga, wakifungua.

Kuondoka kunahitaji uangalifu kama wa kuja. Usisimame. Rudi nyuma kwa tumbo hadi uwe nyuma ya gogo au tuta, kisha inuka taratibu, uwashe taa nyekundu ukiielekeza miguuni. Nyumbani, kabla ya kutazama picha yoyote, futa kamera na lenzi kwa kile kitambaa cha maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Chumvi ikilala usiku mmoja inaanza kula.

Ndipo ufungue picha, na usikimbilie kufuta zile mbovu. Kuza miguu kwanza. Baadhi ya ndege wamevishwa pete za rangi au kibendera chenye herufi, na picha isiyopendeza inaweza kuwa na herufi zinazosomeka. Andika rangi, mguu wa kulia au wa kushoto, juu au chini ya kiungo, na herufi zenyewe, uzitume kwa mradi wa kuvisha pete wa eneo lako. Katika Amerika, na kwenye njia ya uhamaji ya Asia Mashariki hadi Australia, rangi ya kibendera huonyesha alikovishwa. Kulikuwa na Calidris canutus mmoja, naye ni ndege wa ufukweni, aliyevishwa pete Argentina mwaka 1995, baadaye akajulikana kwa kibendera chake, B95; alikuwa bado anaonekana mwaka 2014. Walioendelea kumtambua walifanya hivyo kwa kusoma herufi mbili tatu kwenye mguu mwembamba, kwa darubini na kwa picha. Mimi nimesoma pete mbili katika miaka yote hii, na zote zilikuwa kwenye picha nilizokuwa karibu kuzifuta.